Kabla saruji haijakaza

Kaburi bichi halijengewi. Huo ndio msimamo wa kwanza wa fundi wa makaburi, na familia kadhaa za Kibakwe, wilayani Mpwapwa, zimeshavutana naye kwa ajili yake. Watu wakimaliza arobaini huwa na haraka: ndugu wa Dodoma na Dar es Salaam bado wapo, michango imebaki kidogo, saruji imeshanunuliwa na inakaa stoo ikinyonya unyevu. Yeye huja, husalimia “Mbukwenyi,” hulizunguka tuta, hukanyaga pembeni yake kwa kisigino, kisha husema msimu mmoja wa mvua upite kwanza. Udongo uliofukuliwa na kurudishwa una hewa ndani yake. Mvua ikiunyeshea unashuka, na katikati unashuka zaidi kuliko kandoni. Zege likimwagwa juu yake kabla haujatulia litabaki limeegemea kingo huku tumbo likining’inia, na baada ya mwaka mmoja au miwili litapasuka.

Wayahudi, ambao hawana habari na udongo wa Kibakwe, wana desturi inayofika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Maiti huzikwa haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja, lakini jiwe la kaburi linaweza kusubiri, na wengi hulisimamisha mwaka unapokaribia kutimia. Nawataja kwa sababu ni kwenye makaburi yao nilikoanza kuangalia kaburi kama kazi ya mikono. Kwetu Mpwapwa makaburi ya wageni tuliyoyasikia yalikuwa ya wamisionari. Joseph Mullens wa London Missionary Society alizikwa huko mwaka 1879. Kumbe Nairobi, nilipokwenda kuishi, uko uwanja wa makaburi ya Wayahudi kando ya barabara ambayo siku hizi ina jina la Wangari Maathai. Zamani iliitwa Forest Road.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wazayuni ardhi ya kuhamia Afrika Mashariki. Tume ikaja kuzikagua nyanda za Uasin Gishu, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaukataa mpango. Wayahudi wachache walikuwa wameshafika hata hivyo. Mmoja wao ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyeanza na kilimo kabla ya kuwa mwenye hoteli. Jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Miaka ya 1930 ikaleta wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria waliomkimbia Hitler, na wapo mawakili na wafanyabiashara miongoni mwao waliojikuta wakisimamia mashamba ya walowezi bila kujua kukama ng’ombe. Baada ya uhuru wengi waliondoka. Jumuiya ipo hadi leo, ingawa ni ndogo.

Kwenye mawe yao mara nyingi huwa kuna maandishi mawili: Kiebrania kinachotoka kulia kwenda kushoto, na Kiingereza kinachotoka kushoto kwenda kulia. Juu ya bamba, mahali ambapo sisi tungeweka maua, anayetembelea huacha kijiwe. Mimi nilikuwa nikitazama herufi tu, nikijiuliza juu ya fundi aliyezichonga. Alijua kusoma alichokiandika, au alinakili umbo kwa umbo kutoka kwenye karatasi aliyopewa? Jibu, au kipande chake, nilikuja kulipata Kibakwe, kwa mtu ambaye sinagogi hajawahi kuliona.

Kazi yake huanza na mchanga. Makorongo yanayoshuka kutoka milima ya Rubeho huuleta kila msimu wa mvua, na kila mwenye toroli anajua pa kuuchota. Ila mchanga wa korongo haufanani. Wa katikati ya mkondo ni safi na mkali. Wa kandoni umechanganyika na tope. Fundi huchukua chupa ya maji ya lita moja, huijaza mchanga hadi nusu, huongeza maji, huitikisa na kuiweka kivulini, kisha huenda kufanya kitu kingine. Akirudi, mchanga umelala chini na tope limekaa juu yake kwa tabaka lake. Tabaka likikaribia unene wa kidole kidogo, saidia fundi anatumwa kuuosha mchanga kwenye karai mpaka maji yasiwe na rangi. Saruji hushika punje za mchanga, aliniambia, haishiki matope, na ukingo wa herufi wenye matope humeguka chuma kikipita.

Kalibu ni mbao nne juu ya ubao mpana, zilizopigwa randa upande wa ndani tu. Misumari haizamishwi yote. Vichwa vinaachwa vimetokeza ili ving’olewe baadaye bila kulitikisa jiwe. Skwea anayo, lakini haiamini peke yake kwa kitu kirefu. Huvuta kamba kutoka pembe moja hadi ya mkabala wake, hufunga fundo, kisha huipeleka kamba hiyohiyo kwenye pembe mbili zilizobaki. Fundo lisipoangukia mahali palepale hugonga pembe moja kwa mpini wa nyundo, taratibu, na kupima tena. Nilimwona akirudia hivyo kwa tofauti ambayo jicho langu halikuiona kabisa. Mwisho hulaza pima maji chini kwa njia zote mbili, hupaka mbao oili chafu ya pikipiki, na kuifuta kwa kitambaa hadi ubaki mng’ao tu, maana oili ikizidi huacha madoa usoni mwa jiwe.

Ndani ya kalibu huenda wavu mdogo wa nondo nyembamba zilizofungwa kwa waya. Hapa ana ukali ambao wenzake wengi hawana. Wavu lazima uelee katikati ya unene wa jiwe, juu ya vipande vidogo vya zege alivyovitengeneza siku zilizopita. Nondo ikikaa karibu na uso itafikiwa na unyevu, itashika kutu, kutu itavimba, na jiwe litafumuka kutoka ndani. Ukipita makaburini Kibakwe, Pwaga au Mpwapwa mjini utaona misalaba ya saruji iliyochanika kwa mstari mmoja mrefu wenye rangi ya chai. Mara nyingi ukiufuata mstari ule utakuta nondo.

Karai moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Hivyo viko kwenye kichwa cha kila fundi. Maji ndiyo hayana kipimo cha kuandikwa, kwa sababu mchanga wenyewe huja na maji yake. Huyamwaga kidogokidogo kwa kopo, hugeuza kwa chepe, humwaga tena, kisha hukamata konzi ya zege na kuibana. Ikishika umbo na kuacha kiganja kikiwa chepechepe bila kudondosha, inatosha. Hujaza kalibu nusu, hulaza wavu, hujaza iliyobaki, na hugongagonga mbao kwa nje, akizunguka, mpaka mapovu yaache kupanda. Ubao mnyoofu huvutwa juu kutoka chini ya jiwe hadi kichwani, ukichezeshwa kushoto na kulia, na kila kilichozidi hutolewa.

Wakati huo ni saa moja kasoro asubuhi, chini ya mwembe, na turubai limefungwa upande unaotoka upepo. Kisha hafanyi kitu.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Maji hupanda juu ya zege na kulifunika kwa ngozi inayong’aa, na kila mkono ulio karibu hutamani kuisugua. Fundi kijana angenyunyiza saruji kavu iyanyonye maji yale, apige mwiko, aende nyumbani mapema. Uso unaopigwa mwiko ukiwa na maji unalainika vizuri sana siku ile, na baada ya misimu michache unabanduka ukiwa vumbi, pamoja na kila kilichoandikwa juu yake. Kwa hiyo yeye hukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, hunywa chai, huuliza habari za mahindi ya watu, na hatazami saa. Saruji haikazi kwa kukauka, kama wengi tunavyodhani. Hukaza kwa kuungana na maji, na maji yakiondoka mapema kazi hiyo husimama katikati. Ndiyo maana upepo mkavu wa kwetu ni adui. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds aliyesajili saruji ya Portland mwaka 1824, alifanya kazi kwenye mvua na ukungu wa Uingereza. Tatizo la turubai la Kibakwe halikumhusu.

Na saruji yenyewe haikuwa kitu cha kawaida nchini mpaka juzijuzi. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo mifuko ilitoka nje. Ilikuwa bidhaa ya wenye nafasi, au ya kambi. Wapolandi karibu 5,000 waliopelekwa Tengeru, jirani na Arusha, kuanzia mwaka 1942, baada ya kuhamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kupitia Uajemi, waliacha pale uwanja wa makaburi karibu 150. Misalaba ndiyo mingi, na nyota ya Daudi ipo. Wenzao wengine waliwekwa hapa kwetu kwenye uwanda wa kati, Kondoa.

Mng’ao wa maji hupotea kuanzia pembeni. Fundi huinuka, huweka kidole gumba kwenye kona ambayo baadaye itafukiwa ardhini, na kubonyeza. Kikizama, hurudi kukaa. Kikiacha alama ya ngozi bila kuzama, muda umefika, na muda huo ni mfupi kuliko ule wa kusubiri. Huchanganya nili, yaani saruji tupu na maji, laini na nzito, huisambaza kwa mwiko wa chuma ulioinuliwa ukingo mmoja kidogo, huikandamiza na kuivuta kwa mapana hadi uso uwe mweusi na mtulivu kama kioo cha maji kisimani. Baada ya hapo hutazama tu upande mmoja, akiwa amechuchumaa, jicho likiwa usawa wa jiwe, akitafuta alama ya mwiko. Akiiona huirudia hiyo peke yake.

Zana za herufi ziko kwenye mfuko wa nguo: spoki ya baiskeli iliyonolewa, kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa hadi kikawa na makali ya mshazari, brashi ya rangi iliyochakaa, na kidonge cha uzi. Uzi hukazwa kati ya misumari miwili iliyo kwenye mbao na kugusishwa usoni mara moja. Huacha mstari ambao ukisogea hatua mbili huuoni. Kisha hutoa karatasi ya familia, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, na huigeuza kichwa chini miguu juu.

Nilidhani amekosea. Alikuwa anahesabu upana. Neno likiwa limesimama sawa, akili hulisoma na kuacha kuliona. Likipinduliwa yanabaki maumbo, na maumbo ndiyo anayoyapanga. Chukua neno MAMA, ambalo kwenye mawe ya huku huandikwa mara nyingi kuliko jina lolote. Miguu ya A hutanuka chini na kuacha pengo juu, karibu na bega la M. Ukizipa herufi zote nafasi sawa kwa rula, neno litaonekana limetawanyika. Yeye husogeza A ndani mpaka mapengo, si vipimo, yafanane. Huanzia katikati ya mstari na kwenda nje pande zote mbili, ili kosa lolote likiwepo ligawanyike kwenye kingo mbili badala ya kurundikana mwishoni, ambako herufi za mwisho hubanwa na kupanda juu ya nyingine.

Basi fundi wa Nairobi naye angeweza kuchonga Kiebrania bila kukisoma, mradi aone maumbo kwa ukali huu. Angehitaji ukali zaidi. Katika Kiebrania dalethi na reshi hutofautiana kwenye kona tu: moja ina kona kavu iliyotokeza kidogo, nyingine imezungushwa. He na heti hutofautiana kwa upenyo mdogo kwenye mguu wa kushoto. Mkono uliozoea kulainisha kona unaweza kumbadilishia mtu jina la baba yake, na kwenye jiwe hakuna kufuta. Kwenye saruji kufuta kupo, mara moja, kwa ncha ya mwiko na tone la nili, kabla haijakaza.

Kila mfereji wa herufi hupitishwa mara mbili. Mara ya kwanza chuma hulala kulia, mara ya pili kushoto, na mikato hukutana chini kwa ncha. Mfereji wa namna hiyo ndio unaoweka kivuli, na kivuli ndicho kinachosomeka saa sita mchana kwenye jua letu. Alama iliyokwaruzwa kwa msumari haina kivuli, hupotea macho yakiwa palepale. Mkato hauanzii mwisho mmoja na kutokea mwingine. Huanzia kila ncha na kuja katikati, kwa sababu chuma kinapotoka nje ya herufi hutoka na kipande cha ukingo. Chembe zinazobaki hazipulizi kwa mdomo. Huziacha zikauke kidogo, kisha huziondoa kwa brashi, akifuata mwelekeo wa mkato.

Tarehe huwa zimeshakubaliwa kabla saruji haijafunguliwa. Hiyo nayo ni sheria yake, na nilipoona kikao cha familia moja nilielewa ilitoka wapi. Kadi ya ubatizo ilisema 1941. Kaka wa marehemu, mzee mwenye fimbo, alisema haiwezekani, dada yake ni mkubwa kuliko hapo, yeye mwenyewe alibebwa mgongoni kwake. Mjukuu alitaka kitambulisho kifuatwe. Mafundi wangapi wameshika spoki mkononi, nili ikikaza, huku watu wakigombania mwaka!

Jiwe la Kiyahudi huweza kubeba kalenda mbili: 1943 kwa namba, na kando yake 5703 kwa herufi, kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba. Pwani yetu ilikuwa na hesabu yake muda mrefu kabla ya hapo. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na lipo kaburi kule Gedi, Kenya, lenye mwaka 802, ambao ni 1399. Wachongaji wa pwani walitumia jiwe la matumbawe, ambalo likitolewa baharini ni laini, na likikauka huwa gumu. Nao pia, ukifikiria, walikuwa wakifukuzana na muda. Huku Ugogo kalenda ya wazee ilihesabiwa kwa njaa. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza kupita yakichukua ng’ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo.

Hao wapagazi hawana mawe. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri ya kumpa kila askari jina na jiwe la aina moja, awe jenerali au kuruta, na aliyekuwa Myahudi huchongewa nyota badala ya msalaba. Makaburi yao ya Dar es Salaam, yaliyohamishiwa kando ya barabara ya Bagamoyo mwaka 1968, yamepangwa kwa kanuni hiyo. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilichapisha ripoti na kukiri kwamba Waafrika kwa makumi ya maelfu waliofia vita ile hawakukumbukwa kwa majina. Fundi wa Kibakwe hajaisoma ripoti. Ila anapowaambia watu kwamba hachanganyi saruji mpaka wamalizane juu ya mwaka mmoja, hakuna wa kumshawishi.

Familia ile ilimalizana. Ikaandikwa 1941, na mzee akaomba lisiwekwe jina la mwezi.

Jiwe hufunikwa gunia lililoloweshwa jioni ileile, na mtoto mmoja wa nyumba hupewa ndoo na amri: asubuhi, mchana, jioni, kwa siku 7, mvua isihesabiwe. Kalibu hufunguliwa kwa kung’oa misumari moja baada ya nyingine. Kitako cha matofali ya kuchoma kinakuwa kimeshajengwa kaburini, chenye mtaro katikati. Wanaume wawili hulibeba jiwe, hulishusha kwenye zege bichi, na fundi husimama mbele yake na timazi. Hutazama uzi, hugusa jiwe kwa kiganja, hutazama uzi. Mtu mwingine angesema limeshasimama tangu mara ya kwanza.

Kitu kilichobaki ni rangi nyeusi ya mafuta ndani ya herufi, na hiyo haiwekwi kabla ya siku 28. Saruji changa ina ukali unaoichoma rangi ya mafuta na kuifanya ivimbe na kubanduka. Binti wa marehemu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alikuwa na tiketi ya basi ya Jumatatu. Alisema mchungaji anakuja Jumapili na watu watapiga picha.

“Herufi zinasomeka, dada,” fundi akasema. “Zisome na mchungaji.”

“Lakini bila rangi, fundi?”

“Rangi utatumiwa kwenye simu.”

Akachukua namba ya mdogo wa binti huyo anayebaki nyumbani, ili amjulishe siku ikifika, na akamwagiza kijana anunue kopo dogo la robo lita tu, kwa sababu jiwe zima haliwezi kunywa zaidi ya hapo, na brashi namba moja, mpya, isiyowahi kutumika kwa kitu kingine.